Mkanda Uliopakwa Samli

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini ukimgusa kwenye habari ya mkanda wa taimingi, tafuta kigoda ukae.

"Mkanda wa feni ni kama mke mgomvi," alikuwa akisema huku ananitazama kwa pembe ya jicho. "Ukichoka unapiga kelele mpaka majirani wasikie. Huu wa taimingi hausemi kitu. Unafanya kazi yake kimya kimya, na siku ukichoka unakatika."

Nami nilikuwa namjibu kwamba basi ashukuru Mungu, ameoa wa feni. Alicheka kila mara, na kila mara alicheka kama ndiyo kwanza anasikia. Nilimpenda kwa hilo.

Alikuwa dereva na fundi wa misheni moja upande wa Mugumu, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nyumba zetu zikiwa zimepangwa mstari kama watoto wa shule asubuhi. Misheni ilikuwa na gari moja dogo, kuukuu. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na mnyororo ndani ya injini, lakini hili lilikuwa na mkanda wa mpira wenye meno, umejificha nyuma ya kifuniko mbele ya injini. Mkanda huo unaishika gia ya chini, inayozunguka pamoja na pistoni, na gia ya juu, inayofungua na kufunga valvu, ili zote ziende kwa hatua moja. Kwenye injini ya namna ile, mkanda ukikatika safarini, pistoni zinapanda na kukuta valvu zimesimama njiani, chuma kinagonga chuma, na habari ya gari inaishia hapo.

"Ndiyo maana unabadilishwa ukiwa bado mzima," alisema.

Neno hilo watu wa kwetu hawakulielewa hata kidogo. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Shuka lilishonwa kiraka juu ya kiraka hata ukasahau rangi yake ya kwanza. Leo mtu atoe kitu kizima akitupe, eti kwa sababu siku moja kitachoka? Walimwona amesomea ubadhirifu.

Mwaka ule nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, na mama yangu alikuwa anapoteza macho. Alikaa Nyanungu, kule Tarime, mpakani kabisa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akabaki anaona mwanga wa mlangoni na kivuli cha mtu anayepita, si zaidi. Nilipompelekea mjukuu, alimpakata, akampitisha vidole usoni polepole, kwenye nyusi, pua, kidevu. Kisha akasema, "Ni mzuri." Nililia njia nzima kurudi, kwa sababu niliujua uso wa mama yangu, nikajua kwamba amesema tu kunifurahisha.

Ndipo tukasikia kwamba daktari wa macho atakuja hospitali ya Mugumu, akae wiki moja, aondoke. Atarudi lini, hakuna aliyejua. Padri akakubali gari likamchukue mama. Mume wangu akafungua kifuniko kuukagua mkanda, akaukunja kidogo kwa vidole, akakuta nyufa kwenye mashina ya meno. Siku hiyo hakula vizuri.

Mkanda mpya haukupatikana Mugumu, Tarime wala Musoma. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa. Lakini sisi Wakurya tuko pande zote mbili za mpaka huo, na ng'ombe wetu hawajawahi kuuona. Mjomba wangu, aliyeishi upande wa pili, akautafuta mkanda, akaupata, ukapita mkono hadi mkono mpaka nyumbani kwa mama. Ukawa hapo unatusubiri sisi.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mkwe na mama mkwe wake wanaogopana kwa heshima. Haingii nyumbani mwake, hamkazii macho, hawapeani kitu mkononi, na neno lao linapitia kwa mtu wa katikati. Mume wangu alikuwa na mengi ya kusema juu ya kutunza mpira: uwekwe mahali pakavu, usikunjwe, usiguswe na mafuta ya aina yoyote. Maneno hayo yalitoka kwake kwenda kwa kaka yangu, kutoka kwa kaka kwenda kwa mke wake, na yalipomfikia mama yalikuwa yamebaki mawili: "Autunze sana."

Mama akautunza. Aliujua utunzaji mmoja tu, ule aliofundishwa tangu utoto, wa kamba za ngozi za kufungia ng'ombe miguu wakati wa kukamua. Ngozi ikiachwa kavu inapasuka. Ngozi ikipakwa samli inalainika, inadumu miaka. Aliuning'iniza mkanda pamoja na kamba zake, na kila jioni aliushusha, akaketi nao, akausugua kwa samli jino kwa jino, kwa vidole vilivyokuwa vimechukua kazi ya macho.

Tulifika Nyanungu asubuhi, tukiwa na mpango kwamba mkanda ubadilishwe hapo hapo, kisha tuondoke na mama. Mume wangu akasimamisha gari nje ya boma, mbali na mlango wa mama. Alikuwa mwangalifu katika kazi hii kuliko hata kwenye sala. Kwanza akazungusha injini kwa spana, taratibu, mpaka alama ya gia ya chini na alama ya gia ya juu zikakaa mahali pake. "Kabla hujaziona alama zote mbili, usiguse mkanda," alimwambia kaka yangu, aliyekuwa anamshikia spana. Kisha akalegeza puli inayoukaza, akauchomoa mkanda wa zamani. Akaninyooshea mkono, nami nikaingia ndani kuuchukua ule mpya.

Mama alinipa ukiwa umefungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa ametabasamu kama bibi harusi.

"Mwambie mkwe wangu, nilikuta umekauka sana, maskini. Sasa umelainika."

Harufu ilinifikia kabla sijafungua jani. Mume wangu aliushika, ukamteleza. Akaubonyeza kwa ukucha, alama ya ukucha ikabaki palepale kwenye mpira, haikurudi. Meno yalikuwa yamevimba. Aliuosha kwa kipande cha sabuni nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya nguo za mtoto, akaukausha kwa majivu, akaubonyeza tena. Ilikuwa vilevile. Mpira umeshakunywa, hautemi.

"Mura," kaka yangu akamwambia, kama Wakurya tunavyomwita kijana, "yaani umeshindwa na samli?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Niligeuka niende nikamwambie mama alichokifanya. Mume wangu akanishika mkono. Mikono yake ilikuwa migumu, imepasuka nyufa kwa kuoshwa kwa petroli miaka yote.

"Usimwambie," alisema.

"Gari litakwendaje?"

Alikaa chini kwenye majani, akauangalia mkanda wa zamani kwa muda, jino moja baada ya jingine. Akaniambia wazi: unaweza ukafika, unaweza ukakatika. Tukisubiri mwingine, daktari atakuwa ameondoka. Mimi nilimfikiria mama na vidole vyake usoni kwa mwanangu. Nikamwambia afunge.

Akaurudisha wa zamani. Akaukaza, akaupindua katikati kwa vidole viwili, ukageuka robo ya mzunguko tu, akaridhika. Kisha akaizungusha injini yote kwa mkono, mizunguko kamili, kabla ya kugusa ufunguo, kwa sababu mkono husikia chuma kinapogusana na bado ukaweza kusimama, ufunguo hauwezi. Wakati huo mama alikuwa ametoka nje, amekaa nyuma ya ukuta anasikiliza kila spana.

"Ameshaufunga?" aliniuliza.

"Anafunga, mama," nilijibu, na huo haukuwa uongo.

Tulimkalisha nyuma, nami nikatundika kitenge katikati, yeye huku na mkwe wake kule, heshima ikae mahali pake. Mume wangu aliendesha kama amebeba mayai. Hakukanyaga mafuta mlimani, hakulikurupusha gari mahali popote. Tulipita Nyamongo, tukavuka Mara, na kila tulipoanza kupanda kilima nilisali kwa Kiswahili na Kikurya, isije ikawa lugha moja haisikiki. Huko nyuma mama alikuwa amestarehe.

"Mwambie mkwe wangu gari linakwenda kwa ulaini," alisema. "Samli haina mpinzani."

"Amesema gari linakwenda kwa ulaini," nilimwambia mume wangu, ambaye alikuwa amesikia vizuri sana.

"Mwambie ahsante," alisema.

Tulifika. Mama akafanyiwa kazi ya macho, na gari likaegeshwa kwenye banda, likakatazwa kwenda popote mpaka mkanda mwingine upatikane. Siku walipomfungua bandeji nilimpa mtoto. Alimtazama mpaka mtoto mwenyewe akachoka. "Kumbe ana masikio ya baba yangu," alisema, "na hakuna aliyeniambia." Akaanza kulia, muuguzi akamkataza asilie na macho mapya.

Nikamleta nyumbani kwetu apumzike. Aliingia, akatazama ukuta wote kama mtu anayesoma, na macho yake yakasimama kwenye msumari juu ya kitanda.

"Yale meno si ya mkanda wangu?"

Alikwenda akaugusa, akaunusa.

"Hakuufunga," alisema.

Nikamweleza basi, kwamba mpira si ngozi, mafuta yanauua. Aliketi kitandani, akajishika mdomo. "Nimemharibia mkwe wangu kitu chake. Na nyie mkanipitisha njia yote ile na mkanda mbovu. Kwa nini hakuutupa huu, basi? Ameutundika anikumbuke kwa ubaya?"

Ilibidi nimwambie. Mume wangu alifiwa na mama yake siku aliyozaliwa, akalelewa na yeyote aliyekuwa na uji uliobaki. Jioni tuliyorudi kutoka Nyanungu alipigilia msumari ule, akautundika mkanda, akasema, "Tangu nizaliwe, hakuna mama aliyekaa akapaka kitu mafuta kwa ajili yangu." Kisha akaenda kuosha mikono.

Jioni mume wangu aliporudi alisimama nje ya mlango, uso ameugeuzia pembeni kama inavyotakiwa, akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alimjibu mwenyewe, bila kunipitia mimi. Kisha akanigeukia. "Lete samli. Mpake mikono. Mimi siwezi kumgusa, wewe unaweza."

Nikaketi naye kizingitini, nikaanza kumpaka, kwenye viganja, kwenye nyufa, kwenye vifundo vyeusi kwa grisi isiyotoka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mama alikuwa amekaa ndani, ametugeuzia mgongo nusu, lakini macho yake mapya hayakutoka kwenye mikono ile.

"Kidole gumba," alisema. "Umekiruka."