Kwenda Ruiru Kuuona Mzabibu

Niliondoka Thika kwa sababu ya kuchekwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya Hali ya Hatari, nami nilikuwa kibarua kiwandani, nimehitimu shule ya usiku, cheti nimekikunja mara nane mfukoni. Kanisani kwetu nilipewa Jumapili mbili za majaribio. Nikifaulu, darasa la ubatizo lingekuwa langu. Jumapili ya kwanza nilifundisha habari ya Bwana aliyesema yeye ni mzabibu na sisi ni matawi. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona mzabibu, mimi nikiwamo, niliinua marando ya viazi vitamu juu kabisa.

"Tawi likikatwa," nikanguruma, "limekufa."

Cucu Nyambura, nyanya mwenye shamba nyuma ya kanisa, akauliza kwa upole, "Mwalimu, kwani kwenu viazi mnapanda nini?"

Tunapanda marando yaliyokatwa. Hata mtoto wa kubebwa mgongoni anajua. Kanisa lilicheka mpaka nadhani mlima Kilimambogo ulisogea kidogo. Mlangoni Mzee Daudi, kiongozi wetu, aliniambia, "Cucu ameuliza swali. Jumapili ijayo umpe jibu, ama darasa nimpe mwingine."

Jumamosi alfajiri nilipanda baiskeli ya kuazima kwenda Ruiru, ambako binamu yangu Karanja alitunza bustani ya Mzungu mmoja mwenye kahawa. Aliwahi kuniambia kuna mzabibu huko.

Kufika mto Ndarugu mnyororo ulikuwa umetoka mara mia, au tuseme nne. Nikiisukuma mlimani, mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alinipita.

"Kijana, hiyo baiskeli unaipeleka wapi?"

"Ruiru, mama."

"Na yenyewe itakupeleka lini?"

Saa nne nilifika Ruiru, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Karanja alikuwa juu ya ngazi na makasi ya bustani. Nilitarajia mti mnene kama mkuyu. Nikaona kitu kama kamba nzee iliyosahauliwa ukutani.

"Ndio huu?"

"Huu. Ulitaka uwe na mlango?"

"Nikatie tawi nikawaonyeshe linavyokufa."

"Hili? Ukilichomeka kwenye udongo mzuri linaota. Ule mdogo pale niliupanda hivyo hivyo."

Niliketi chini kwenye nyasi za Mzungu. Niliona darasa langu likiondoka, wanafunzi wote na daftari zao.

"Basi Bwana alikosea?" nikauliza kwa sauti ndogo.

Karanja akashuka. "Wewe msomi, sikiza. Likiota linapata mizizi yake. Huo ni mti mwingine, haunywi tena kwa mama yake. Bwana alisema tukae ndani yake. Hakusema kila mtu apande wake." Akakata vijiti viwili vikavu. "Kwani wewe huomba lini?"

Nikaanza kumweleza somo langu la Jumapili, neno kwa neno.

"Sikukuuliza unafundisha lini."

Mara ya mwisho kuomba nikiwa peke yangu nilikuwa nangoja matokeo ya mtihani. Nilipofaulu nilimshukuru mwalimu wa hesabu.

Jioni nikirudi nilisimama tena Ndarugu. Safari hii mnyororo haukuwa umetoka. Nilisimama tu, nikaomba, na maneno yalikuja kwa shida kama mtu anayemsalimu mzazi aliyemkwepa mwaka mzima.

Jumapili nilisimama mikono mitupu. "Cucu alisema kweli," nikasema. "Rando likikatwa huota, na mzabibu pia. Lakini huota kwa mizizi yake lenyewe. Mimi ndiye rando hilo. Tangu nipate cheti, Mungu nimemsoma, sijasema naye."

Hakuna aliyecheka, jambo lililonitisha kuliko kicheko. Mzee Daudi akamtazama Cucu.

"Mpe darasa," Cucu akasema. "Lakini aanze kwa kuomba, na asituombee kwa Kiingereza."

Nilipewa. Nilichojifunza Ruiru ni kwamba mtu anaweza kunguruma habari za Mungu mwaka mzima bila kunywa tone kutoka kwake. Siku hizi naomba alfajiri kabla ya kwenda kiwandani, kwa Kikuyu, kwa maneno machache. Asubuhi nyingine sina hata neno moja, mimi mwenye maneno yote haya. Basi nakaa tu.