Hata wa Kunisalimia Sina

Jamani, nimeaibika, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe. Nauza maharagwe Kitale, na juzi niliomba zabuni ya kulisha hospitali moja ya serikali kule Bungoma. Sheria inataka useme wazi kama una jamaa kwenye kamati ya zabuni. Nilijua mama mkwe wangu yumo. Lakini nikajiambia, huyo ni mama wa mke wangu, si wangu! Siku ya kuhojiwa nikasimama mbele ya kamati, kifua mbele: "Mimi hapa sina jamaa, bana. Hata wa kunisalimia sina."

Mwenyekiti akaridhika. Mara mlango ukafunguliwa, mama mkwe akaingia amechelewa, akaanza kutusalimia kwa mkono, mmoja mmoja. Sasa, sisi Wabukusu hatushikani mikono na mama mkwe. Ulimi wangu ulijua kudanganya, ila miguu haikuwa imefundishwa. Nilijikuta nyuma ya kabati, nimeinamisha kichwa.

"Bwana Maharagwe, mbona unatoroka?" mwenyekiti akauliza.

Mama mkwe akacheka kwa fahari. "Si mumwache? Huyo ni mkwe wangu. Ako na heshima sana."