Mashabiki Wabaki

Fundi wa kompyuta huipuliza feni ya laptopu kama anapoza chai, kisha huipigapiga mgongoni kama mtoto aliyeshiba. Mashine ikiwa dhaifu, anaivua gemu mapambo: vivuli, majani, mawingu. Safari hii mteja ni bibi mstaafu, na gemu lake la mpira linakwamakwama.

"Tuwatoe na mashabiki, mama," akasema kwa sauti yake ya chini. "Wanailemea mashine."

"Hao niachie, mwanangu. Nikifunga nitashangiliwa na nani?"

Fundi akajikuna kichwa kwa bisibisi, akawaacha mashabiki, akapunguza ukali wa picha mpaka refa akabaki hana pua. Bibi akacheza, mpira ukateleza bila kukwama, akafunga. Uwanja ukalipuka, na fundi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa ameshapanda juu ya kiti anapiga kelele, bisibisi hewani.