Kikombe cha Lucius

Ozella Gadsden hakuwa mwanamke wa kelele. Miaka yote aliyopika katika jiko la shule, watoto walimpenda kwa sababu aliwaongezea wali mwekundu wa nyanya bila kuombwa, na wakubwa walimpenda kwa sababu hakuwajibu. Alizaliwa Charleston, kusini mwa Marekani, akaolewa Charleston, akamzika mumewe Charleston, na hakuwahi hata siku moja kupanda gari la farasi kuutazama mji. Atazame nini? Majumba yale yenye nguzo, mama yake aliyaingia kwa mlango wa nyuma, ndoo mkononi.

Basi waliomjua wangeshangaa kumwona Jumapili ile, kofia ya kanisani imekaa upande, anatembea mbiombio mitaa ya watalii huku akichungulia ndani ya magari ya watu. Alikuwa ameibiwa. Wala si pochi. Ameibiwa kikombe, tena kimeibwa juu ya kaburi la mumewe.

Kwao, watu weusi wa pwani ile, mtu akifa, chombo alichokunywea mara ya mwisho huwekwa kaburini, na huvunjwa kwanza. Huvunjwa makusudi, ili kifo kikomee hapo, kisirudi kuchukua mwingine katika nyumba ile. Cha Lucius, mumewe, kilikuwa kikombe cheupe chenye mstari wa kijani mdomoni. Kila jioni alikuwa akimegea humo mkate wa mahindi, akaumwagia maziwa ya mgando, akala kwa kijiko huku akilalamikia habari za redio. Siku ya maziko Ozella alipewa nyundo, mkono ukagoma. Vernell, dada wa marehemu, akaipokea, akagonga, akavipanga vipande kwa duara juu ya mchanga. Tangu hapo Ozella alikwenda kila Jumapili baada ya ibada kumpa Lucius habari za wiki.

Jumapili ile akakuta alama ya duara mchangani na hakuna kitu.

"Jana walipita wazungu wawili, mume na mke," alisema Shemasi Toomer, ambaye nyumba yake inatazamana na makaburi. "Wana gari la buluu, lile la kulala humohumo, nambari za Ohio. Walipiga picha, wakainamainama. Nikadhani wanasali."

"Na wewe ukawatazama tu?"

"Walinisalimia vizuri, dada Ozella."

"Hata mwizi ana mdomo wa kusalimia, Shemasi!"

Vernell ndiye aliyeendesha gari mpaka katikati ya mji, wanakokwenda watalii. Waliegesha mbali, maana wageni walikuwa wameziba kila upenyo, wakaendelea kwa miguu. Gari la farasi likawapita, limejaa watu wenye kofia za jua, na mtembeza wageni amesimama mbele akiwaonyesha ukuta wa matofali. Akawaambia kwamba watoto watumwa ndio waliofinyanga matofali yale, na alama za vidole vyao zingali zinaonekana. Watu wakashuka, wakaanza kuingiza vidole vyao humo, mmoja mmoja, wakicheka na kupigana picha.

"Twende, wifi," Vernell alisema, akimvuta mkono.

"Nakwenda. Lakini wanachekea nini? Hebu niambie, wanachekea nini?"

Gari la buluu walilikuta chini ya mwaloni, mlango wazi. Ndani, mwanamke wa makamo alikuwa akipanga ramani, na mumewe amekaa kando ya dirisha anakunywa kahawa. Ozella aliutambua mstari wa kijani kabla hajaitambua sura ya mtu.

"Mungu wangu," Vernell alisema. "Anakinywea."

"Kiweke chini," Ozella akamwambia yule mzungu.

"Samahani, mama?"

"Hicho kikombe ni cha maiti. Kiweke chini!"

Mzungu, Dale jina lake, alikiweka haraka kama kimemuunguza, kisha akajifuta midomo kwa mkono, akajifuta tena. Mkewe, Gretchen, alisimama akitabasamu, bado hajaelewa.

"Ah, kile kikombe! Tulikiokota jana, kimevunjika vibaya. Mimi kila mji tunaopita naokota kitu kimoja kilichovunjika, nakiunga kwa gundi. Naona huruma kukiacha. Nilishughulika nacho jana hiyohiyo, na tazama, hakivuji hata tone!"

Ozella alikitazama. Kweli, kilikuwa kizima. Hasira zikampanda mpaka masikioni.

"Huruma? Nije kwenu nikute maua yamekauka kwenye kaburi la mama yako, niyachukue nikapambe choo changu, utaniita mwenye huruma?"

"Hatukujua ni kaburi la mtu..."

"Lina jiwe! Lina jina! Hukuliona?"

Gretchen akawa mwekundu. "Niliona," alisema polepole. "Nililipiga picha."

"Jina umelipiga picha, kikombe umekibeba. Na kesho mngekuwa wapi?"

"Savannah," Dale akajibu, kisha akaonekana kujuta kujibu.

Gretchen akaanza kulia.

"Usilie," Ozella alisema. "Ukilia itabidi nikubembeleze, na leo sina nafasi hiyo."

Alikichukua kikombe, akaimwaga kahawa barabarani, akaondoka bila kuaga.

Njiani alikipakata. Kidole gumba kilikwenda chenyewe pale mkononi mwa kikombe, mahali pa kidole cha Lucius. Kilikuwa kizima kama jioni ile ya mwisho. Mpaka walipofika makaburini alikuwa amekwisha kujua atakiweka wapi: kabati la jikoni, rafu ya chini, karibu na chumvi.

"Wifi," alisema, "si kimeshaungwa? Nikikipeleka nyumbani kuna ubaya gani?"

Vernell alikwenda nyuma ya gari, akarudi na nyundo. Akamnyooshea.

"Siwezi. Gonga wewe, kama siku ile."

"Siku ile niligonga nikaenda kulia nyuma ya gari, wewe hukuniona. Alikuwa kaka yangu, Ozella. Sigongi tena."

Ozella aliwatukana watu wa Ohio wote, na magari yao, na huruma yao. Kisha akapiga magoti, akakilaza kikombe juu ya mchanga, akagonga.

Gundi ya yule mwanamke ilikuwa nzuri kweli. Haikuachia hata ufa mmoja. Kikombe kilivunjikia pengine, pale palipokuwa pazima.

"Unaona?" Ozella alifoka, machozi yakimtoka. "Unaona walichonifanyia? Wamenifanya nimzike mume wangu mara mbili!"

"Mara ya kwanza hukumzika, wifi," Vernell alisema. "Nilikuzikia mimi."

Ozella akaiweka nyundo chini. Akaanza kuvipanga vipande.