Harusi Ukutani, Raila

Mimi nina hasira za karibu, na watu wa mtaa wetu wa Gatina, hapa Nairobi, waliowahi kuniita kwenye sherehe zao wanalijua hilo. Mtu akigusa kitufe cha deki yangu ya video bila kuniuliza, nampiga mkono kabla sijatazama ni nani. Niliwahi kumpiga mzee wa kanisa, na hadi leo akiniona na mashine huweka mikono mfukoni.

Haikuwa deki ya kuwekwa sebuleni chini ya televisheni. Ilitoka kwa kampuni moja ya matangazo huko mjini iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake, na iliundwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi hiyo kutwa nzima. Ilikuwa pana, nzito, haina mlango wa kanda. Picha zote ziliingia tumboni mwake na kukaa humo. Mbele ilikuwa na gurudumu dogo la kuzungusha kwa kidole. Ukilisukuma mbele picha inakwenda mbele, ukilirudisha inarudi, polepole au haraka upendavyo, na ukiliacha picha inasimama tuli, haitetemeki hata kidogo. Gurudumu lile nililipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu, na nilikuwa nikiwaambia hivyo.

Mwaka ule wa uchaguzi kaka yangu alikuwa amechumbia binti wa mama mmoja wa mtaa wa Raila, kule Kibera, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga. Sisi ni Wakamba wa Machakos, wao ni Wajaluo wa kutoka ziwani, na katika siku za kawaida hayo yalikuwa mambo ya kutaniana. Wao walisema tutamkondesha mtoto wao kwa muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Sisi tulisema kaka atarudi nyumbani ananuka omena, dagaa wao wa ziwani. Kisha kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, fujo za makabila zikazuka, na hakuna aliyekuwa na hamu ya utani tena.

Binti alikuwa amekuja Gatina kwa mama yake mdogo, kusukwa nywele na kupimwa gauni, barabara zikafungwa akiwa huko huko. Harusi ilikuwa imepangwa Januari. Mama yake akapiga simu, na kwa kuwa vocha zilikuwa adimu kama maji ya mfereji, aliongea bila kupumua.

"Msiahirishe. Pasta akiwa tayari, awafungishe. Lakini mimi nitaona na macho yangu. Sitaki kuhadithiwa."

Basi wakafunga ndoa kanisani Gatina, watu wachache, bila keki, mimi nikipiga picha za video. Kaka hakutaka kungoja Nairobi itulie. Akamchukua mkewe wakaenda nyumbani Machakos, ambako palikuwa shwari.

Kumbe huko Raila maneno yalikuwa yameanza. Wanasiasa wakubwa wa kwetu Ukambani walikuwa wameonekana kuegemea upande wa serikali, na majirani wakamwambia mama yule kwamba binti yake amechukuliwa kwa nguvu, hana sauti tena. Binti mwenyewe alimpigia simu kutoka Machakos kumwambia ana furaha. Mama akamuuliza, "Nani amesimama nyuma yako?" Mama mdogo naye alimwapia kwamba harusi ilikuwa njema, lakini huyo alijulikana kwa kusema kila kitu ni chema, hata ugali ulioungua.

Nikaona dawa ni kumpelekea harusi yenyewe. Nikatoa nakala kwenye DVD, nikaituma kwa muumini mmoja aliyepata njia ya kupita. Baada ya siku kadhaa simu ikalia.

"Mtoto wangu hakukubali," mama akasema. "Pasta amemuuliza, akainamisha kichwa, akanyamaza. Nimeona, na majirani wameona."

"Mama, hiyo diski imekwama."

"Imekwama aje hapo tu? Kwingine ilikuwa inaenda vizuri. Mwambie kaka yako, kama mtoto wangu hakusema ndiyo, mimi sina mkwe. Na huyo mtoto aniletee mwenyewe hapa kwangu."

Nilikasirika hadi chai ikanimwagikia. Nilijua kilichotokea: diski za wakati ule zilikuwa zikigoma popote zilipochubuka, na ile ilikuwa imegoma kati ya swali na jibu. Mchungaji ameuliza, bi harusi ameinamisha uso, basi. Mbele yake hakuna kitu. Ningeweza kutoa nakala nyingine, lakini ningeiaminije? Na mama angesema tumeitengeneza. Kaka alinipigia kutoka Machakos, akasema mkewe hali chakula tangu asikie maneno ya mama yake. Nikamwambia aniachie mimi.

Ilikuwa Februari, wakubwa wa siasa wako hotelini wakizungumza amani, na mchana mtu aliweza kupita akiwa na sababu. Nikaifunga deki kwa leso mbili, nikaibeba mgongoni kama mtoto. Mama mdogo akabeba projekta ya kukodi na mfuko wa nyaya. Tukashika njia kwa miguu. Tulipofika karibu na mtaa wa Olympic tukawakuta vijana wamekaa juu ya mawe.

"Niaje mathe. Umebeba nini?"

"Deki."

"Ya kuuza?"

"Ya kumwonyesha mama harusi ya mtoto wake. Aliikosa kwa sababu ya hizo mawe zenu."

Mama mdogo alinifinya mkono hadi nikataka kulia, kisha akawaeleza kwa Kijaluo, kirefu, kwa upole. Mmoja akacheka. "Kumbe kuna watu wanaoana siku hizi? Haya, pitisha harusi."

Chumba tulichopewa Raila kilikuwa banda la kuonyeshea mpira na sinema. Mwenye banda alikuwa ametundika blanketi madirishani na kupaka ukuta mmoja chokaa. Wanawake wauza samaki walikuwa wamejaa tayari kwenye mabenchi, na mbele yao, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa mama mwenyewe. Alinipa mkono, akaniuliza kama nimeshinda njaa. Hakutabasamu.

Nikaanza kazi. Umeme wa pale ulikuwa wa kuvutwa kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, na deki ile ilikuwa na maringo: umeme ukipungua kidogo inajizima. Nikapima, nikaona umeme unapanda na kushuka.

"Nani anapika na koili?" nikauliza.

Kisha mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, hadi wa mama mwenyewe. Kumbe wote waliacha maharagwe kwenye majiko yao ya umeme. Ikabidi waende kuzima, na manung'uniko niliyoyasikia hayaandikiki. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mimi nikainama kweli, nikatambaa chini ya meza, nikachomeka stabilaiza yangu ya kutuliza umeme kwanza, kisha deki, kisha projekta. Waya wa picha wa deki ile unaingizwa na kuzungushwa hadi ujifunge. Huwezi kuung'oa kwa kuukanyaga. Waya wa sauti nikaupeleka kwenye spika ya mwenye banda. Wanawake wakasema, "Kumbe huyu msichana anajua kazi!" Nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: nilipowasha, harusi yote ilitokea nyeusi na nyeupe, inapanda juu kama moshi. Nilikuwa nimesahau swichi ya nyuma, ile ya kuchagua mfumo wa picha. Nikaisukuma, rangi zikaja, na bi harusi akaingia kanisani, mkubwa kama ukuta wenyewe.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akaketi mbele zaidi, mikono magotini.

Kisha kaka yangu akatokea.

Mama akasimama, akajifunika uso kwa leso, akatoka nje.

Nikasimamisha picha. Nilidhani ni chuki, na damu ikanipanda, hadi mama mdogo aliponivuta. Kwao, akasema, mama hatazamani uso kwa uso na mume wa binti yake. Hiyo ndiyo heshima. Hata Novemba, wanaume wetu walipokwenda kujitambulisha kwa mjomba wa binti, pale Olympic, mama huyu alibaki jikoni tangu asubuhi hadi walipoondoka. Hata ile diski aliitazama kwenye televisheni ndogo, upande wa mkwe umefunikwa kwa leso. Na sasa nimemletea mkwe mwenye pua ya urefu wa mkono.

Ukazuka mjadala.

"Picha si mtu," akasema mmoja.

"Macho si hayo yanatuangalia?"

"Hata kama! Huyo yuko Machakos."

"Basi wewe mwangalie mkwe wako hivyo, tuone."

Mama akasema akiwa mlangoni, ametupa mgongo, "Nyathina, mwanangu, mimi sijakataa kuona. Mtoe huyo, unionyeshe mtoto wangu."

Nimtoe vipi? Swali na jibu vyote nilivipiga wakiwa wamesimama pamoja, binti kushoto, kaka kulia. Deki yangu ilijua kuruka kipande na kwenda kingine bila kuchelewa, nami ningeweza kuruka kila mahali kaka alipo peke yake. Lakini haikujua kumkata mtu nusu. Nikaichukia kwa mara ya kwanza.

Pembeni kulikuwa na katoni ya sabuni. Nikachana upande mmoja, nikauweka mbele ya mwanga wa projekta. Nilipoukaribisha sana, giza likafunika wote wawili. Nikausogeza mbali kidogo, kidogo tena, na kaka yangu akafutika ukutani kuanzia bega hadi bega. Akabaki bi harusi, peke yake, anamtazama mtu asiyeonekana.

"Mama, rudi," nikasema. "Ameenda."

Akarudi akichungulia kwanza kwa upande wa leso. Banda lote lilicheka, naye akacheka kidogo, na hapo nikajua nampenda mama huyu.

Nikaanza tena, mkono mmoja kwenye gurudumu, mwingine umeshika katoni. Kaka akisogea, nasogeza katoni. Mchungaji akauliza, "Ni nani anayemtoa binti huyu aolewe?" Siku ile kanisani hakuna aliyejibu. Mama mdogo hakuwa ametumwa kusema, akatazama viatu vyake, na mchungaji akangoja hadi kukawa kuzito, kisha akaendelea mwenyewe. Kimya kile kilipopita ukutani, mama hakutikisika. Alikuwa anangojea kingine.

Likaja swali lenyewe. Binti akainamisha kichwa, pale pale diski ilipokwama. Picha ikaendelea. Akainua uso, akamtazama kaka yangu ndani ya giza la katoni, akasema kwa sauti, "Ndiyo, nimekubali," kisha akaung'ata mdomo wa chini na kucheka kwa mabega tu, bila sauti.

Wote walikuwa wanamtazama mama.

"Rudisha," akasema.

Nikazungusha gurudumu. Kichwa kikainama, kikainuka. Nimekubali. Mdomo, mabega.

"Tena."

Nikarudisha tena. Mkono wa kaka ukajitokeza kwenye ukingo wa katoni, ukitafuta mkono wa mkewe. Nikataka kuufunika, mama akanizuia. "Mkono hauna neno. Wacha."

"Hivyo anavyocheka," akawaambia majirani zake, bila kugeuka, "amecheka hivyo tangu akiwa mdogo, akipewa kitu alichokuwa anakitaka sana halafu anaona aibu. Nani anaweza kumlazimisha kucheka hivyo? Mniambie." Jirani mmoja, yule aliyekuwa akisema kwa sauti kuliko wote wiki zote zile, akaanza kupanguza macho kwa mkono wa sweta.

Nami nililia. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani, mkono umekufa ganzi kwa kushika katoni, na sikuona haya.

Nilidhani tumemaliza. Nikanyoosha mkono kuzima projekta.

"Bado," mama akasema. "Nipeleke nyuma. Pale pasta aliuliza ni nani."

Nikarudisha picha hadi pale, katoni bado mkononi, nikaliacha gurudumu. Ikasimama tuli: mchungaji ameshauliza, mdomo umefungwa, anatazama watu. Mama mdogo ukutani anatazama viatu vyake, na mama mdogo benchini akafanya vivyo hivyo. Mama akainuka. Akajifunga leso upya kiunoni, akanyoosha mikono ya blauzi yake, akaenda kusimama karibu kabisa na ukuta, kichwa chake kikafika kwenye maua ya binti yake.

"Ni mimi," akasema. "Mimi mama yake. Ninamtoa."

Kisha akanigeukia. "Haya. Endelea."

Nikabonyeza kitufe. Mchungaji akaitikia kwa kichwa, akafungua kitabu chake.