Asubuhi Tatu za Eudene

Eudene Gittens ni rafiki yangu, nami nitamsema kwa mapenzi, lakini nitamsema. Kwa miaka ishirini na minane ametandika vitanda katika hoteli hii ya pwani ya magharibi ya Barbados, hoteli ambayo mimi hupika chakula cha asubuhi, na sijapata kumwona ameketi akiwa na viatu vya kazi miguuni. Chakula cha mchana hukila wima, sahani mkononi, jicho mlangoni. Nikimwambia, "Shoga, kaa, kiti hakiumi," hunijibu, "Hakiumi, ila kinazoesha."

Mumewe ni Colvin, aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye maghala ya bandarini. Sasa wewe mwenyewe tazama maisha hayo. Eudene hupanda basi la kwanza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Colvin alikuwa akishuka basi saa kumi na mbili na nusu. Wamezaa watoto wawili, na siku moja nilimuuliza Eudene waliwapata saa ngapi, akanichapa na kitambaa cha vumbi. Kila Colvin alipofika nyumbani alikuta kitanda kimetandikwa, shuka limenyooka halina hata kunjo moja, na kikombe cha chai kimefunikwa kwa kisahani. "Mimi nimeoa kitanda," alikuwa akisema, na watu wakacheka. Nami nilikuwa nikicheka.

Alipostaafu tulidhani mambo yatabadilika. Wapi! Eudene bado yuko kazini, na hata siku yake ya mapumziko, saa kumi alfajiri yuko uani anafua. Mazoea yana taabu.

Sisi watu wa hoteli, baridi tunaijua kwa kusimuliwa tu. Wageni hutuambia theluji imewafika magotini, tunawapa pole, tunawaongezea kahawa. Kwetu miezi hiyo ni jua, bahari tulivu, na kazi. Kuanzia Krismasi hadi Pasaka hakuna likizo kwa mfanyakazi yeyote. Ukifiwa, unazika na kurudi. Likizo yetu ni Septemba, hoteli ikifungwa na vimbunga vikituzungukazunguka, na mtu huila kwa kupigilia mbao madirishani.

Basi Januari hii ikaja barua. Bi Pruett, mjane wa Kanada, amekuwa akija chumba namba saba kila Januari kwa miaka ishirini na miwili, na mwaka huu daktari wake alimkataza kupanda ndege. Chumba kilikuwa kimeshalipiwa. Aliandika kwamba siku tatu za mwanzo apewe Eudene na mumewe, walale, wale, wahudumiwe. Meneja wetu, Bwana Alleyne, aliisoma barua ile mbele yetu jikoni, akakuna kichwa.

"Likizo wakati huu sitoi," akasema. "Lakini siku hizo tatu Bi Eudene si mfanyakazi. Ni mgeni wa Bi Pruett."

"Mimi?" Eudene akasema. "Nije likizo hapa hapa ninapofagia? Na namba saba atafanya nani?"

"Mimi, Bi Eudene," akasema Kerriann, binti aliyefundishwa kazi na Eudene mwenyewe. Alikuwa amenyoosha mkono juu kama mtoto wa darasani.

Jioni ile nilimsindikiza Eudene hadi kwake, maana tunakaa mtaa mmoja na nilitaka kuuona uso wa Colvin. Tulimkuta barazani anamenya mbaazi. Alisikiliza habari yote bila kuacha kumenya.

"Utaoga baharini," nikamwambia. "Utapikiwa samaki wa kila namna."

"Bahari nimeiona, shemeji. Na mapishi yako nayajua, usijisifu."

"Kumbe unataka nini, mzee?" Eudene akamuuliza.

Colvin akaweka bakuli chini. "Nataka niamke nikukute."

Tukatazamana, mimi na Eudene.

"Asubuhi moja tu," akasema. "Nifungue macho, jua limeingia, nawe upo. Nina miaka sabini na mmoja, Eudene. Asubuhi kama hiyo sijaipata hata moja."

Eudene aliinama akaokota mbaazi iliyodondoka. "Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo."

"Basi hilo jepesi," akasema, na mimi nikamwamini.

Waliingia namba saba Jumatatu mchana, na sanduku moja la kuazima. Jumanne saa tatu asubuhi Kerriann alishuka jikoni machozi yanamtoka.

"Bi Marvalee, amenimalizia kazi yote! Bafu limesuguliwa. Baraza imefagiwa. Hata kitanda ametandika."

"Na Mzee Colvin?"

"Alikuwa bado amelala ndani yake! Ametandika upande wake, akafika kwa mzee, akazunguka."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Muda si mrefu Colvin akaingia ukumbini na fimbo yake, akaketi, akanitazama kwa dirisha la jikoni.

"Shemeji," akasema, "nimeamka nimekuta bata."

Kweli, Eudene alikuwa amekunja taulo umbo la bata maji, kama anavyowafanyia wageni, akaliweka mahali alipokuwa amelaza kichwa chake. Nilipomkemea alisema amezinduka saa kumi na mikono ikaanza yenyewe. Akaapa kwamba kesho hainuki.

Colvin hakutegemea kiapo. Usiku ule alichukua viatu vya mkewe akavificha kwenye friji ndogo ya chumbani, nyuma ya maji. Mwanamke mwingine angerudi kulala. Jumatano, nikiwa nawasha majiko na nje bado kiza, nilimwona Eudene akikatiza majani yenye umande, miguu mitupu, anaelekea chumba cha dobi. Alikuwa amesikia mmoja wa madobi anaumwa.

Saa moja Colvin alikuja mlango wa jikoni. Nilijiandaa kwa utani, lakini shati lake alikuwa amelikosea vifungo, na uso wake haukuwa wa utani.

"Shemeji, labda hataki," akasema.

"Hataki nini?"

"Kuamka na mimi. Miaka yote nilisema ni kazi. Sasa kazi haipo, na bado anakimbia, hata bila viatu." Akatazama fimbo yake. "Mtu hukimbia asichokitaka."

Ilinichoma. Nimewajua watu hawa tangu nilipokuwa na kiuno, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mzaha wa kuoa kitanda haukuwa mzaha. Nikamkabidhi msaidizi wangu mayai, nikaenda kwa dobi nikiwa na hasira tayari mdomoni.

Eudene alikuwa anakunja foronya. Nilimpokonya.

"Wewe mwanamke una nini? Mume wako yuko jikoni kwangu kama mtu aliyefiwa!"

Akafunga mlango, akaushikilia kwa mgongo. "Usipige kelele, Marvalee. Ni meno."

"Meno gani?"

"Haya." Akagonga ya mbele kwa ukucha. "Matano ya juu si yangu. Mwaka wa kumi na moja huu. Usiku taa ikishazimwa nayatoa nayatia kwenye glasi, alfajiri nayavaa na kuondoka kabla hajaniona, maana nikirudi kulala nayo yatateleza. Yeye anajua nilikwenda kuziba jino."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikaona bado ameubana mlango kwa mgongo, nikaacha.

"Aliponichumbia," akasema, "aliniambia amependa kicheko changu kabla hajalijua jina langu. Unataka nimwamshe na pengo?"

"Eudene. Mume wako alikuwa mlinzi. Kazi yake ilikuwa kuona gizani. Unadhani miaka kumi na mmoja hajaiona glasi?"

"Kujua ni kujua. Kutazama ni kitu kingine."

"Basi chagua. Mwenzio anadhani humtaki."

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Na vifungo vya shati amekosea."

Eudene akaketi. Aliketi juu ya kapu la mashuka machafu, mikono mapajani. Nilirudi kwenye mayai yangu bila kujua kama nimejenga au nimebomoa.

Alhamisi ndiyo ilikuwa asubuhi ya mwisho, maana mchana walitakiwa kurudisha funguo. Saa moja hawakuonekana. Saa mbili hawakuonekana. Wageni walikula mapapai yao, wakapakana mafuta ya jua, wakaenda ufukoni. Kwa dobi nilituma mtu akachungulie: hayuko. Saa tatu na nusu nikaanza kuwaza shinikizo la damu, maana wote wawili wanameza vidonge. Nikamtuma Kerriann.

Alirudi anatembea kwa vidole, kana kwamba chumba kile kiko jikoni kwangu.

"Kuna kibao mlangoni," akanong'ona. "Usisumbue."

Kibao kile Eudene amekikuta kwenye vitasa vya watu miaka ishirini na minane, akageuza kigari chake na kuondoka. Yeye husema anayekitundika ama anaumwa ama anagombana. Sikujua sasa ni lipi kati ya hayo mawili.

Saa nne jikoni kwangu hufungwa, na hilo halina mjomba. Nimewahi kumfungia mlango mtu mwenye boti yake. Siku ile saa nne ilifika, nikaendelea kufuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta.

Saa nne na robo wakaja. Colvin alikuwa na fimbo mkono mmoja na mkewe mkono mwingine. Eudene alivaa gauni la maua, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande. Walikuja taratibu, kama watu waliotoka kanisani mapema wakaona siku bado ndefu. Colvin akasimama mbele ya dirisha langu.

"Shemeji."

"Naam."

"Nimemkuta."

Nililia, na sisingizii vitunguu.

Mengine Eudene alinisimulia wakiwa wameshakaa, huku Colvin akitazama bahari na kujifanya hasikii. Alizinduka saa kumi kama kawaida. Mkono ulikwenda kwenye glasi mara mbili, na mara mbili aliurudisha. Akalala anasikiliza vyura wakinyamaza mmoja mmoja na njiwa wakianza. Akalisikia basi la kwanza likipita barabarani bila yeye, na alisema hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Jua likaingia miguuni pa kitanda, likapanda polepole. Ndipo Colvin akafungua macho.

"Akanitazama," Eudene akasema. "Muda mrefu, Marvalee. Nikaziba mdomo. Akautoa mkono wangu, akaushika. Akasema, 'Habari za asubuhi, bibie.'"

"Kisha?"

"Kisha akalala tena! Kichwa begani kwangu, usingizi fofofo. Mkono ukafa ganzi mpaka vidoleni. Nikanyoosha ule mwingine nikachukua kitambaa, nikasema atakapoamka mara ya pili nitakuwa angalau nimejifunga kichwa."

"Kwa nini hukumsukuma?"

"Nimsukume kwa nini?" akaniuliza, akinishangaa kweli.

Kerriann alikuwa amesimama nyuma yetu na kigari chake. "Bi Eudene, kitanda je? Umetandika?"

"Sijakigusa, mwanangu. Kiko vurugu tupu."

Binti yule alipiga kofi kwa furaha, akasukuma kigari chake mbio kuelekea namba saba. Sijawahi kuona mtu akikimbilia kutandika kitanda.

Eudene alicheka kumwona anavyokimbia. Akacheka kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya ukumbi mzima, na mimi niliyekaa mkabala naye nikaona.

"Shoga," nikamwinamia. "Meno."

Akapeleka mkono mdomoni. Huyu ndiye mtu ambaye hajapata kusahau kitu chumbani kwa mtu, hata pini. Huwafukuzia wageni hadi kwenye teksi na chaja zao. Akaanza kuinuka, uso umemwiva.

Colvin hakugeuka kutoka baharini. Alimshika tu kiganja akamrudisha kitini.

"Kaa," akamwambia. "Yaache yalale. Nayo yako likizo."

Eudene alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akakaa, akaegemea kabisa mpaka kiti kikalia. Nikaenda kuwasha jiko upya. Niliwakaangia bajia za samaki wa chumvi, na Eudene nikampondea viazi vitamu kwa siagi, maana mkate wetu una gamba gumu na mgeni wangu hakuwa na haraka.