Ndoo ya Kwanza

Aliyenishauri nijitunze alikuwa akipiga miayo. Alikuwa muuguzi wa dispensari ya kambi yetu ya wafanyakazi, pale Likasi, mama wa makamo, koti lake jeupe limefuliwa mpaka weupe umekwisha. Mimi nilikaa mbele yake na mkono wa kushoto umeungua kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Aliutazama, akafungua kabati la dawa ili nijionee mwenyewe. Ndani mlikuwa na pamba kidogo na daftari.

"Mama, dawa haiko," akasema. "Upumuzike. Uoge mayi ya moto kila siku, bakukande mugongo, ulale."

Kisha akajisikia alichosema, akacheka. Nami nikacheka. Ilikuwa katikati ya Desemba, na sisi wote wawili tulikuwa na watoto.

Niseme kwanza nilivyoungua, maana kambini walizusha yao. Miaka ile kampani ya shaba iliyotulisha ilikuwa inakufa polepole. Mposho ulikuwa umekwisha, ule unga na maharagwe ambayo zamani kila mfanyakazi alipewa apeleke nyumbani, na mshahara ulichelewa miezi mpaka ukifika haununui kitu. Bwana wangu aliendelea kwenda kiwandani kwa miguu kila siku, kwa sababu asiyefika anafutwa, na yeye aliogopa kufutwa hata katika kazi isiyomlipa. Simlaumu. Ila nyumba nzima ilihamia mgongoni kwangu. Alfajiri nilikaanga maandazi ya kuuza njia ya kiwanda, jua likipanda niko shambani napalilia mahindi, mchana niko kwenye foleni ya maji kule chini maana bomba za kambi zilikuwa zimekauka, jioni bukari, ugali wetu, na majani ya mihogo, na katikati ya hayo yote nilikuwa nashona kwa mkono nguo za Noeli za watoto watano kutoka pazia za zamani. Mtoto akifika kanisani siku ya Noeli na nguo ya mwaka jana, anayechekwa si baba yake.

Basi asubuhi moja nilisinzia nimesimama. Mkono ukagonga karai, karai likapinduka, mafuta yakanimwagikia. Mtoto wangu wa mwisho, mwaka mmoja na nusu, alikuwa amekaa upande wa pili wa mbabula, jiko letu la makaa, anatafuna ukoko wa andazi. Mafuta yalikuja upande wangu. Yangeweza kwenda upande wake. Niliogopa siku nzima, na kesho yake nilipoamka hofu ilikuwa imegeuka hasira. Hasira ilinifaa zaidi.

Kwa hiyo nilipotoka dispensari sikuwa nacheka tena. Nilikuwa nawaza maji ya moto.

Mtu ambaye hakukaa kwetu miaka ile hawezi kujua maji ya moto yalikuwa na vyeo. Makaa yalitoka porini juu ya baiskeli, na masika yalifika mabichi na machache, basi kwa siku ilipatikana sufuria moja kubwa, ndoo moja ya kuogea na kidogo juu yake. Ndoo hiyo ya kwanza ni ya baba anayetoka kazini. Yanayobaki wanagawana watoto. Mama anaoga mwisho, na mwisho maana yake ni baridi, na mvua za Desemba zinanyesha. Mwanamke huchemshiwa maji yake mwenyewe wakati mmoja tu: akizaa. Hapo mama yake anakuja, anamkanda kwa kitambaa cha moto, anamwosha kama mtoto, siku kadhaa, halafu basi. Mimi nilikuwa nimezaa mara tano. Katika ndoa yangu yote nilikuwa nimeoga moto mara tano.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu amewasili kutoka Kapolowe kukaa nasi mpaka Bonane, sikukuu ya mwaka mpya. Alikuwa mjane, mwembamba, mgongo umenyooka, na alikuja na mfuko wa mahindi, viazi vitamu na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Nilimpokea kama inavyotakiwa, nimepiga magoti, macho chini, na mkono wangu nimeufunika chini ya kikwembe nilichojitanda. Sikutaka aanze kusema mwanawe ameoa mwanamke anayelala juu ya mafuta. Jioni nilimpelekea yeye ndoo ya moto kwa kuwa ni mgeni. Aliikataa.

"Umupe mwana wangu," akasema. "Iko anatoka kazi."

Nikampa mwanawe. Lakini kesho yake, jua likiwa bado juu, niliweka sufuria kwenye mbabula, nikangoja ichemke, nikamimina kwenye ndoo, nikachukua sabuni. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua majani. Aliitazama ndoo ikipita.

"Ile mayi ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Ya weye?" Aliangalia tumbo langu, akaangalia mlango wa chumba kana kwamba kuna kitoto nimekificha kule. "Ulizala?"

Nyumba za kambi yetu ziligawana ukuta. Upande wa pili jirani yangu aliangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Nilizala batano, mama," nikamjibu. "Na kila siku niko nabazala tena."

"Na papa ya batoto ataoga nini?"

"Ataoga nyuma yangu."

Sikuwahi kumjibu hivyo, wala yeye wala mtu yeyote wa upande wa bwana wangu. Nikaibeba ndoo mpaka kwenye ukuta wa kuogea uani. Nikakaa juu ya jiwe. Nilijimwagia kwa kikombe, kimoja kimoja, nikiuweka mkono ulioungua pembeni. Maji yalishuka mgongoni, na mahali nilipodhani ni mfupa palilegea. Nililia kidogo. Ilikuwa furaha, na ndani ya furaha hiyo nilikasirika upya, kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa maji tu.

Nikamsikia bwana wangu anaingia.

"Mama ya batoto iko wapi?"

"Iko anaoga," mama yake akasema. "Mayi ya moto."

Halafu akauliza, sauti imeshuka, "Anagonjwa?"

"Siko mugonjwa," nikasema nyuma ya ukuta. "Niko naoga."

Nilimaliza ndoo yote. Makaa yalikuwa yamezimika, kwa hiyo bwana wangu akaoga baridi na kuguna kila kikombe ili tumsikie. Mama mkwe alikataa bukari yangu usiku ule. Niliifunika, watoto wakaila asubuhi.

Siku ya pili nikafanya vilevile, na ya tatu. Kanisani, tulipokwenda akina mama kufagia kwa ajili ya Noeli, habari ilikuwa imenitangulia. Mmoja wao, mwenye sauti ya kuongoza rozari, akasema bila kunitazama, "Kuna bengine banajipenda sana." Kwetu hilo ni tusi. Nikamkubalia, "Njo vile. Nani mwingine atanipenda mwezi huu?" Wawili wakacheka, wengine wakainamia mafagio yao. Nilipokuwa natoka, mmoja wa wale walioinama alinifuata mpaka mlangoni akaniuliza chini kwa chini yanatakiwa makaa kiasi gani. Nikamwambia. Sikumwonea haya tena mtu yeyote siku ile.

Noeli ikawa imebaki siku moja. Nilirudi kutoka kwenye foleni ya maji asubuhi, ndoo kichwani, mvua imenipiga, nikamkuta mama mkwe barazani amekalia mfuko wa makaa. Ulikuwa mfuko wetu wa mwisho, umefika nusu. Alikuwa ametandika kitambaa juu yake na kukaa vizuri, mikono magotini, kama mtu aliyefika stesheni mapema.

"Hii makaa ni ya kupika Noeli," akasema. "Haiko ya kuoga muntu muzima."

Niliitua ndoo. Kuku wake alikuwa bado hai, mchele ulikuwa haujachambuliwa, nguo mbili za watoto hazikuwa na mikono. Kila kitu cha siku ile kiliningoja mimi, na yeye alijua. Zamani ningesema samahani, mama, ningeinama. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikakikamua, nikakaa chini sakafuni mbele yake, mgongo ukutani.

"Basi, mama," nikasema, "Noeli haipikwi."

Tukakaa. Mvua ilinyesha juu ya bati. Watoto walikuja wakatuangalia, wakaondoka, wakarudi. Bwana wangu alitoka chumbani, siku ile hakuwa na zamu, akatazama mama yake juu ya mfuko na mke wake chini, akafungua mdomo.

"Mama..."

Hatukujua anamwita nani kati yetu, na hakuna aliyeitika. Akarudi ndani. Nilisikia jirani akisogeza kigoda chake karibu na ukuta ili asikose kitu.

Sijui tulikaa muda gani. Najua niliapa moyoni kwamba nikisimama kabla ya kupata maji yangu sitasimama tena hivi maisha yangu yote, na kwamba siku moja karai litamwagika upande ule mwingine. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, na kikwembe kilicholowa kilikuwa kinashikamana na kidonda. Kilipoanza kuuma zaidi ya nilivyoweza, nikakivuta. Mkono ukabaki wazi.

Mama mkwe aliuangalia. Aliinama kutoka juu ya mfuko wake.

"Nini ilikufanya vile?"

"Nililala nimesimama, mama. Kwenye mafuta."

"Lini?"

"Siku moja mbele ya weye kufika."

"Na kamutoto kalikuwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa kiganja juu ya sakafu: mbabula hapa, mtoto pale. Alipima nafasi ile kwa macho. Akauangalia tena mkono wangu, halafu akamwangalia mtoto, aliyekuwa amelala mlangoni na kidole mdomoni.

Alisimama. Alifungua mfuko aliokuwa ameukalia, akachota makaa kwa mikono yake mwenyewe, akapuliza moto mpaka macho yakamtoka machozi. Nilipotaka kumsaidia alisema, "Ikala." Nikakaa. Maji yalipochemka aliibeba ndoo mpaka uani, mvua au si mvua, akaniita. Alinikalisha juu ya jiwe, akachovya kitambaa, akanikanda mgongo kama anavyokandwa mzazi, na hakuwa mpole. Alinisukuma mpaka nikashika ukuta. Nililia kwa sauti, na sikujali jirani.

"Usizani nilikubali," akasema nyuma yangu. "Ni kwa sababu ya mutoto."

"Njo vile, mama."

Akaendelea kukanda. Baadaye akasema, kama anamwambia ndoo, "Mimi wa mwisho nilimuzala huyu bwana yako. Toka siku ile, hakuna muntu alinipashia mayi."

Nilitaka kugeuka nimwone uso, akanishika kichwa akakirudisha mbele.

Noeli tuliipika, kwa makaa tuliyoongezewa na jirani, aliyesema kwamba amelipwa vya kutosha kwa kusikiliza. Ile nguo ya mwisho sikumaliza mikono yake. Mtoto alikwenda kanisani mabega wazi, na yule mama wa rozari akaona, na mimi nikamwona anaona, nikampungia mkono.

Lakini kabla ya hayo, asubuhi na mapema, nilitoka uani kuwasha moto nikamkuta mama mkwe ametangulia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, taulo shingoni, ameugeukia ukuta asije akaniona namwona. Nilichemsha sufuria mara mbili. Ndoo ya kwanza nilioga mimi. Ya pili nikampelekea yeye, na safari hii hakusema nimpe mwanawe. Makaa yaliyobaki yalikuwa ya kuku tu.

Bwana wangu alioga baridi siku ya Noeli, akavaa shati lake jeupe, akaenda nasi kanisani, wala hakufa.